Kuhusu Pembe ya Transdusa, kwa Mara ya Mwisho

Mteja wa tisa msimu huu alinipigia simu juzi, nikiwa nimepiga magoti mbele ya shimo la barafu kwenye ziwa Mille Lacs, hapa Minnesota, akarudia maneno yale yale niliyokwisha kuyasikia kwa wanane waliomtangulia: “Mzee, nitafutie transdusa yenye pembe pana kuliko zote, nione samaki wengi.” Nilimwambia nitampigia baadaye, kwanza kwa kuwa vidole vilikuwa vinaganda, na pili kwa kuwa nilijua kwamba nikimjibu pale pale nitamvunjia heshima bure. Kazi yangu ni kutengeneza na kukodisha vipima kina kwa wavuvi wa barafuni, na miongoni mwao Waswahili wenzangu wanaongezeka kila mwaka. Transdusa ndicho kipande cha kifaa hicho kinachozamishwa majini, na pembe yake ni upana, kwa nyuzi, wa koni ya sauti inayoitoa. Hili ndilo jibu langu, na atakayekuwa wa kumi nitampelekea andiko hili.

Kosa linaanzia kwenye kasha. Karibu kila kasha la kifaa limechorwa koni ya manjano inayoshuka kutoka kwenye shimo hadi chini ya ziwa, ndani yake samaki wamesongamana na nje yake maji matupu, na mnunuzi anatoka dukani akiamini kwamba amenunua tochi: kilichomo ndani ya mwanga kinaonekana, kilicho nje hakionekani, basi mwanga mpana na uwe mpana zaidi. Transdusa haina mwanga wowote. Ni sikio linalopiga ukelele, kisha likanyamaza kusikiliza mwangwi, na kitu pekee linachokijua ni muda ambao mwangwi umetumia kurudi. Kutokana na muda huo mashine inakokotoa umbali. Upande haiujui kabisa. Samaki aliye mita 8 chini ya shimo lako, wima, na samaki mwingine aliye mita 8 kwa mshazari, karibu na shimo la jirani, wote wawili watawaka kwenye alama ile ile ya kioo. Nahodha aliyetia bildi, ile risasi nzito ya kupimia kina iliyofungwa kamba, alikuwa na uhakika ambao sisi hatuna, maana risasi yake ilipogusa chini, iligusa pale ilipoangukia na si penginepo.

Sasa tupige hesabu ambayo kasha haliipigi. Tuchukue tambarare ya matope ya Mille Lacs, maji ya mita 9. Transdusa ya nyuzi 20 inafunika chini duara lenye kipenyo cha mita 3.2 hivi, na ile ya nyuzi 9 inafunika mita 1.4 tu, kwa hiyo eneo la ile pana ni mara tano ya eneo la ile nyembamba. Hapa ndipo mteja anapolewa. Lakini kutoka kwenye transdusa hadi ukingo wa lile duara kubwa si mita 9 tena. Kwa mshazari ni mita 9.14. Mwangwi wa kwanza wa matope, ule wa chini ya shimo moja kwa moja, unafika ukiwa na umbali wa mita 9 kamili, na kuanzia hapo kioo kinajaa rangi ya sakafu. Kila kitu chenye umbali unaozidi mita 9 kimefukiwa ndani ya rangi hiyo. Maana yake ni kwamba samaki aliye ukingoni lazima awe amenyanyuka zaidi ya sentimita 14 kutoka kwenye matope ndipo ajitokeze, na walleye, samaki wa maziwa ya huku, akiwa amelaza tumbo chini, ambaye ndiye tuliyemfuata kwenye baridi hiyo, kimo cha mwili wake mara nyingi hakifiki sentimita hizo. Kwa ile ya nyuzi 9, kimo kilichofichika ukingoni ni sentimita 3. Umelipia eneo mara tano, na katika sehemu kubwa ya nyongeza hiyo samaki wa chini kabisa hawaonekani.

Kwenye mteremko mambo yanaharibika zaidi, na walleye wanapenda miteremko. Ikiwa sakafu inapanda mita moja kwa kila mita nne, na kina chini ya shimo lako ni mita 10, koni ya nyuzi 20 inaugusa upande wa juu wa mteremko kwa umbali wa takriban mita 9.73, na mashine, kwa unyofu kabisa, inakuambia kwamba hapo ndipo chini. Sentimita 27 za maji zilizo baina ya sakafu hiyo ya uongo na sakafu ya kweli, hapo hapo chambo chako kilipo, zimefunikwa. Utaona chambo kinazama ndani ya rangi ya sakafu kana kwamba kimetoboa ardhi. Ukitumia ya nyuzi 9 bado utapoteza sentimita 16 hivi, kwa hiyo simwambii mtu kwamba nyembamba ni dawa. Namwambia tu kwamba ugonjwa unapungua.

Jambo linaloniudhi kuliko yote, hata hivyo, ni hiyo namba yenyewe. Koni haina ukingo. Sauti inakuwa na nguvu kubwa zaidi katikati, kisha inapungua polepole kadiri unavyoelekea pembeni, na mtengenezaji anachagua mahali pa kusema “koni inaishia hapa.” Wapo wanaochagua mahali ambapo nguvu imebaki nusu, yaani desibeli 3 chini ya kilele, wengine huchagua desibeli 10 chini ya kilele, na kwa kufanya hivyo transdusa ile ile inapata namba kubwa zaidi bila kubadilika hata kidogo. Ukimkuta mtu analinganisha nyuzi 12 za kampuni moja na nyuzi 20 za kampuni nyingine bila kuuliza kila namba imepimwa vipi, analinganisha pishi na kibaba. Tena, hata ukijua kipimo, wewe mwenyewe unaibadilisha koni kila unapogusa kitufe cha usikivu. Ukiuongeza, mwangwi dhaifu wa pembeni unakuzwa mpaka unaonekana, na samaki mkubwa aliye nje kabisa ya hizo nyuzi 9 anachorwa kwenye kioo chako. Ukiupunguza, transdusa ya nyuzi 20 inakuonyesha eneo dogo la katikati. Nimewaona watu waliotumia pesa nyingi kununua pembe nyembamba, kisha wakafungua usikivu hadi mwisho ili “wasikose kitu.” Wamejinunulia upya koni pana waliyoikimbia.

Mimi hupunguza usikivu mpaka chambo changu mwenyewe, tena kile kidogo, kinabaki kama mstari mwembamba usiokatika, halafu nauacha hapo. Nikibadilisha chambo, narudia.

Kwa wanaopenda kujua: upana wa koni unatokana na upana wa kristali iliyo ndani, ile inayotoa sauti, ukilinganisha na urefu wa wimbi. Kwa masafa ya kilohezi 200, katika maji baridi, wimbi moja lina urefu wa milimita 7 hivi, kwa hiyo nyuzi 20 zinahitaji kristali ya takriban sentimita 2 na nyuzi 9 zinahitaji karibu sentimita 5. Ile nene na nzito ndiyo nyembamba kwa sauti. Wanaochagua kwa kupima mkononi wanachagua kinyume.

Baada ya kuisema vibaya pembe pana, lazima niitetee. Mwezi Januari uliopita niliitwa na kijana mmoja, mtu wa kwetu, kwenye kibanda chake, nje kukiwa na nyuzijoto 26 chini ya sifuri. “Mzee, mashine imekufa. Naona chini, lakini chambo changu sikioni.” Alikuwa amefuata ushauri wangu wa mwaka uliotangulia na kununua ya nyuzi 9. Nilichuchumaa shimoni na tochi. Waya, uliokuwa umekakamaa kwa baridi kama fito, ulikuwa umeshika umbo la kule ulikozungushiwa begini, na ulikuwa unaisukuma transdusa ikaegemea ukuta wa shimo. Boya linaloining'iniza transdusa lilikuwa limekaa upande, na uso wa transdusa ulikuwa bado ndani ya shimo, juu ya usawa wa chini wa barafu, ukipigia kelele ukuta. Nilimwambia, “Haijafa, mwanangu. Imegeuza uso.” Niliushika waya kiganjani mpaka ukalegea, nikausogeza mpira wa kuzuilia ili transdusa ishuke sentimita chache chini ya barafu, nikachota tope la barafu kwa upawa, na kabla sijasimama chambo kilikuwa kimeonekana.

Hesabu ya tukio hilo ni rahisi. Transdusa ikiinama nyuzi 5 tu, ambazo kwa macho huzioni, katikati ya koni kwenye mita 10 kunahama karibu sentimita 90. Koni ya nyuzi 9 ina nyuzi 4.5 tu kila upande, kwa hiyo chambo kilicho wima chini ya shimo kimetoka nje ya ukingo wake. Koni ya nyuzi 20 ingesamehe. Kwa hiyo mtu anayehamahama mashimo thelathini kwa siku, anayetupia transdusa shimoni bila kuitazama, na achukue nyuzi 20 kwa amani. Itamdanganya kuhusu sakafu, lakini haitampotezea chambo. Nyembamba ni ya mtu aliyetulia na aliye tayari kuining'iniza kwa adabu.

Kuna mbinu ya kunyoosha transdusa ambayo kila mzoefu huifundisha, nami niliifundisha kwa miaka bila kuifikiria: punguza usikivu mpaka sakafu iwe hafifu, kisha igeuze transdusa taratibu mpaka sakafu iwake kwa nguvu kuliko pengine pote, maana hapo inaangalia chini sawasawa. Kwenye tambarare ni kweli. Kwenye mteremko mwangwi wenye nguvu zaidi ni ule unaotoka pale sauti inapoigonga sakafu kwa pembe mraba, na kwa hiyo mbinu hiyo hiyo inaielekeza transdusa ubavuni mwa mteremko, mbali na chambo. Niliowafundisha kabla sijaling'amua hilo, niwieni radhi. Siku hizi, kwenye mteremko, nashusha chambo kizito hadi nusu ya kina na kuinyoosha transdusa kwa kukifuata hicho.

Mapovu hayataki maneno mengi. Sauti ikitoka majini na kukutana na hewa, karibu asilimia 99.9 ya nguvu yake inarudishwa. Povu moja bapa lililonata kwenye uso wa transdusa linatosha kuipofusha. Lipanguse kwa kidole kila unapoizamisha. Kwa sababu hiyo hiyo unaweza kupiga sauti kupitia barafu nyeusi, angavu, ya mwanzoni mwa msimu kwa kumwaga maji kidogo na kuikandamiza transdusa juu yake, na huwezi kufanya hivyo kwenye barafu nyeupe ya Februari iliyojaa hewa. Mimi pia huupaka uso wake tone la sabuni ya vyombo kila asubuhi. Ukiniuliza kama inasaidia, sijawahi kujaribu siku moja bila sabuni na siku nyingine nayo kwa uaminifu. Ni desturi, na baridi huwafanya watu kuwa na desturi.

Kuhusu kasi ya sauti, msihangaike. Kwenye maji ya nyuzijoto 4 sauti inakwenda mita 1,421 kwa sekunde, na mashine inayodhani ni 1,500 itakisoma kina cha mita 10 kuwa zaidi kidogo ya mita 10.5. Chambo na samaki wanasogezwa kwa kiasi kile kile, na wewe unavua samaki, hupimi ramani. Kuhusu jirani anayeingilia kioo chako kwa masafa yale yale, bonyeza kitufe cha kuzuia mwingiliano hatua moja moja, na ukifika hatua ya mwisho bila nafuu, hamia mbali naye. Mfumo wa CHIRP, unaopiga sauti ya masafa yanayobadilika badala ya masafa mamoja, unasaidia hapo, na unatenganisha samaki waliokaribiana kwa sentimita chache, ila haugusi tatizo la ukingo na mteremko nililolieleza juu.

Wataniambia kwamba haya yote yamepitwa na wakati tangu kampuni ya Garmin walipoleta LiveScope, kifaa kinachoonyesha picha ya samaki papo hapo, mwaka 2018, maana ile ina safu ya kristali nyingi na kweli inatambua upande. Ni sahihi. Ina bei yake na betri yake nzito, na anayeimudu hanipigii simu kuuliza nyuzi.

Mtu akinilazimisha nitaje chaguo moja kwa Mille Lacs, nasema nyuzi 12, ambazo kwenye mita 9 zinafunika duara la mita 1.9 na zinavumilia kuinama kidogo. Kwenye maji ya mita 3 nachukua 20, kwa kuwa ile ya 9 ingenionyesha duara la nusu mita. Lakini majani yakiwa mengi narudi kwenye nyembamba, la sivyo kioo kizima kinakuwa kijani.

Na lipo hili, ambalo huwa silisemi dukani. Samaki walio wengi husikia sauti za chini, chini kabisa ya kilohezi 200, na jamaa wachache wa dagaa ndio wanaojulikana kuhisi sauti zinazokaribia kiasi hicho, walleye hawamo. Hivyo ndivyo ninavyowajibu wateja. Lakini zipo jioni tatu au nne ambapo samaki alisimama nusu mita chini ya chambo changu kwa robo saa, hapandi wala haondoki, nami kwa kukata tamaa nikaizima mashine, na mshipi ukavutwa kabla sijauwasha moto wa chai. Siku hizi jua likikaribia kuzama mkono wangu huenda kwenye swichi wenyewe.