Pikipiki Uliyoinunua kwa Nia Njema: Je, Ni Yako?

"Nimenunua kwa hela yangu, hati ya mauziano hii hapa." Kwenye dawati letu la msaada wa kisheria, mara nyingi anayesema hivyo pikipiki yake iko kituo cha polisi. Inaniuma kumwambia kuwa nia njema peke yake haitoshi.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inaanzia hapa: mtu hawezi kukuuzia umiliki asiokuwa nao. Pikipiki ya wizi hata ikipita mikono mitano ya watu waaminifu, bado ni ya aliyeibiwa.

Swali la kuuliza ni hili: ilitokaje kwa mwenyewe? Kama alilaghaiwa, akaiuza na kuikabidhi kwa mkono wake, mauzo hayo yanasimama mpaka atakapoyabatilisha. Ukiinunua kwa tapeli kabla ya hapo, hujui lolote, inakuwa yako. Vilevile, mwenye mali aliyekufanya uamini kwamba muuzaji ana ruhusa yake hawezi kukugeuka kesho.

Bodaboda za mkataba ndizo zinazochanganya. Kijana amekabidhiwa pikipiki na bosi, anampelekea hesabu kila siku ili mwishoni iwe yake; imebaki miezi mitatu amalize, anaiuza. Kadi ya usajili ina jina la bosi. Hapa tunasoma mkataba neno kwa neno. Kama kijana alijifunga kuinunua, mnunuzi wake mwaminifu anaweza kulindwa. Kama ana hiari tu ya kununua mwishoni, na anaruhusiwa kuirudisha wakati wowote, basi amekodi tu, na mnunuzi hana kinga hiyo. Uingereza, ambako sheria yetu ina mizizi, liliamuliwa hivyo mwaka 1895 katika kesi ya piano, Helby dhidi ya Matthews.

Nia njema kwa Sura ya 214 ni uaminifu, hata kama ulizembea. Lakini Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamgusa pia aliyepokea mali akiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi. Namba ya chesisi iliyokwanguliwa ni sababu tosha ya kuondoka.

Ukinyang'anywa, dai pesa zako kwa aliyekuuzia. Katika kesi nyingine ya Uingereza, Rowland dhidi ya Divall, 1923, mnunuzi wa gari la wizi alirudishiwa bei yote, ingawa gari lilikwisha kutumika kwa miezi kadhaa. Basi kabla hujalipa, chukua nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na mwandikishane mbele ya mashahidi wanaomjua anakoishi.