"Set" lilishapitwa

Hapa Mjini Unguja, barazani kukizungumzwa Kiingereza, hakosi mtu wa kusema kwamba "set" ndilo neno lenye maana nyingi kuliko yote. Hakulizua. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, ilikipa kitenzi hicho maana 430. Ila kamusi hiyo inaendelea kuandikwa upya, na ilipofikiwa zamu ya "run", mhariri Peter Gilliver alihesabu maana 645, za kitenzi peke yake. Kazi ya miezi tisa, kwa neno la herufi tatu!

Linaloniuma ni kuwa watoto wetu hufundishwa "run" ni kukimbia, basi. Juzi mwana wa jirani alikuja na daftari lake: "Ami, mfereji unakimbiaje?" Tukaenda uani, nikaufungua, maji yakachuruzika kwenye ndoo. Hiyo ni "run". Injini ya boti ikiwaka, "run". Duka kuliendesha, "run". Kamasi zikitoka, "run" pia. Kisha nikamuuliza: tunapopiga pasi, hodi, mbizi na deki, nani kapigwa? Akafikiri kidogo, akaanza kuandika.