Mbegu zinazoangukia chini ya seng'enge

Ua wa nyuma ya nyumba yangu hapa Kakamega, magharibi mwa Kenya, hauna ajabu: nguzo za mkaratusi, nyaya za seng'enge, na kipande cha mnyaa upande wa jirani. Lakini kazi yangu ni ikolojia ya mimea, na ua wa namna hii hauwezi kukosa daftari. Kila nguzo nimeiandika namba kwa rangi. Mwanzoni mwa mwezi napita nikiandika, kati ya nguzo na nguzo, nini kimechipua, nini kimechanua na nini kina matunda. Picha nazipiga nikisimama palepale, simu ikiwa kimo kilekile, maana picha za pembe tofauti hazilinganishiki.

Ukifuatilia hivyo misimu kadhaa, utaona kwamba mimea iliyojiotea haikusambaa ovyo. Miche ya mpera, lantana, mnavu na mtunguja imebanana chini ya waya kabisa, mkanda mwembamba kama ushanga. Ukiingia hatua chache uani, huikuti. Wanaoileta ni ndege. Shore na kuzumburu hula matunda kwingine, hutua kwenye waya kupumzika, na mbegu hushuka na kinyesi. Ndiyo maana mpera, mti wa asili ya Amerika ya kitropiki, umejaa kandokando ya Msitu wa Kakamega bila mtu kuupanda.

Hata hivyo kuna sababu ya pili inayojificha nyuma ya hiyo: fyekeo halifiki chini ya seng'enge. Huenda mbegu huanguka kila mahali na zile za uani tunazikata zikingali changa. Kutazama tu hakutoshi kuzitenganisha hizo mbili. Simika mti mkavu wenye matawi katikati ya uwanja, uache duara lisilofyekwa chini yake; kisha acha duara lingine sawa na hilo mahali pasipo mti. Miche ya matunda ikizidi chini ya matawi, ndege ndio wenye kesi. Miche ikilingana, ni fyekeo.

Si kila mmea huja kwa bawa la ndege. Mbegu za mti wa lusiola (Markhamia) zina mabawa yake zenyewe na hupeperushwa na upepo. Kishona nguo huanzia karibu na kijia, tunakopita na suruali zetu na mbwa wetu. Mbarika hupasua vidonge vyake wakati wa jua kali, kwa hiyo watoto wake hukaa karibu na mama.

Nderema imenivurugia daftari. Nilipanda shina moja nguzo ya pembeni kwa ajili ya mboga, na sasa imepanda waya mbali na pale, kwa kuwa ndege hupenda matunda yake ya zambarau. Ni ya kupandwa au ya mwituni? Nimeifungulia safu yake: "iliyopandwa ikatoroka". Naona safu hiyo itajaa kuliko zote.

Tithonia, ile ya maua ya njano kama alizeti ndogo, wengi hapa Magharibi huiacha uani kwa sababu ya mbolea, na wana haki. Majani yake makavu hukaribia asilimia 3.5 ya naitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4.1 ya potasiamu. Ila haitengenezi naitrojeni kutoka hewani kama maharagwe. Si jamii ya kunde. Inachota udongoni. Ukiikata na kuipeleka shambani, umehamisha rutuba kutoka ua hadi shamba, na mstari wa ua ndio unaolipa. Mimi hukata kabla haijachanua, wakati majani bado ni laini na huoza upesi.

Lantana siipi nafasi hiyo. Maua yake hubadilika kutoka njano hadi waridi yanapokomaa, nami hufurahia kuyatazama, lakini ng'ombe akila majani yake ngozi yake hudhurika juani. Naing'oa ikiwa mche, mvua zikiwa zimelainisha udongo, na mzizi wote. Ukiikata tu huchipua tena kutoka kisikini. Mnyaa naupogoa nikiwa nimevaa miwani, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni huunguza.