Kujihami ni nini? Somo la nungunungu kwa mume, mke na rafiki

Tuseme ni saa tatu usiku, nyumba ya vyumba viwili pale Umoja, Nairobi, sufuria bado iko juu ya meko ya gesi. Mke anauliza, "Baba Brian, mbona umechelewa leo?" Mume, hata kabla hajavua viatu, anajibu: "Kwani jam ya Jogoo Road ni mimi niliiweka?" Mke hakutaja jam. Aliuliza habari ya saa. Lakini jibu alilopewa ni la mtu aliyevamiwa, na kuanzia hapo chakula kitaliwa kimya kimya, kama kitaliwa.

Jibu la namna hiyo ndilo huitwa kujihami. Kuhami ni kulinda au kukinga; kujihami ni kujikinga mwenyewe. Kwa wanyama, neno hili linabeba yote anayoyafanya kiumbe ili asiliwe wala asijeruhiwe: kukimbia, kujificha, kujifanya mkubwa, kuuma. Tukilileta kwenye mahusiano ya watu, maana inapanuka kidogo. Ni yale mtu anayoyafanya akihisi ameshambuliwa, awe ameshambuliwa kweli au la. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyobeba mzigo wote.

Katika darasa la wanandoa kanisani kwetu huwa naanza na wanyama, kwa sababu ukianza na watu kila mmoja anamtupia mwenzake jicho la pembeni. Biblia yenyewe haioni haya kufanya hivyo. Mithali inamtuma mvivu kwa chungu, Ayubu anawaambia rafiki zake wakawaulize wanyama, na Yesu alipowatuma wanafunzi wake aliwataja viumbe wanne kwa mkupuo: kondoo, mbwa-mwitu, nyoka na hua.

Mimi wangu ni nungunungu. Wanaolima viazi na mahindi pembezoni mwa jiji wanamjua kwa hasara, maana hutoka usiku akachimba. Miiba yake ni nywele zilizokomaa zikawa ngumu, na mingine inafika sentimita 30. Kwamba huirusha kama mishale ni hadithi tu, hana uwezo huo. Akitishwa huisimamisha aonekane mara mbili ya alivyo, akapiga miguu chini, akatikisa mkia ambao miiba yake ina uwazi ndani na hulia kama kayamba. Adui asiposikia, nungunungu humwendea kinyumenyume kwa kasi, na miiba hubaki mwilini mwa mvamizi. Simba wamewahi kufa kwa vidonda hivyo.

Tazama mpangilio wake. Anaonya kwanza, tena kwa kelele, na kuchoma ni mwisho kabisa. Wengi wetu tunaanza na kuchoma, kisha tukiulizwa tunasema tulikuwa tumeonya, na onyo lenyewe lilikuwa kununa tangu Jumanne.

Kinachonishangaza zaidi ni maisha yake ya ndani. Nungunungu wetu wa Afrika huishi na mwenzi mmoja. Dume na jike hulala shimo moja na kulea watoto pamoja. Wanawezaje, na mwili wote ni miiba? Miiba inalazwa. Chini ya ngozi kuna misuli inayoiinua na kuirudisha: mbele ya chui inasimama, kando ya mwenzi inalala. Mtoto huzaliwa na miiba laini, nayo hukakamaa baadaye. Hakuna aliyemng'oa nungunungu miiba ndipo apate mwenzi. Anajua tu aliye mbele yake ni nani.

Njia nyingine za kujihami tunazo pia. Kobe anarudisha kichwa ndani; huyo sihitaji kumweleza, kila nyumba ina wake. Mjusi hukata mkia akauacha ukirukaruka huku yeye akitoroka. Watu wanamsifu kwa ujanja, lakini mkia huo ndimo wengi wao huweka akiba ya mafuta, na unaoota badala yake hauna mfupa, una gegedu tu. Ukimfuta rafiki wa miaka kumi kwenye simu kwa neno moja alilosema harusini, utapata mwingine, ila si yule aliyemjua mama yako. Na yuko swila, nyoka anayetema sumu. Sumu yake ikigusa ngozi isiyo na jeraha haidhuru sana, ndiyo maana yeye hulenga macho. Anayeishi nawe anajua macho yako yako wapi: ile kazi uliyofutwa, mtoto mliyempoteza, baba yako mlevi. Maneno yanayorushwa hapo huwa hayakukosea njia.

Mwanzo sura ya 3 ni sura ya kujihami tangu mwanzo hadi mwisho. Adamu na Hawa wanashona majani ya mtini, wanajificha kati ya miti, kisha Adamu anaulizwa swali moja na kujibu, "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Kwa pumzi moja amemtema mkewe na Mungu. Mimi hukaa zaidi kwenye mstari wa 21, ambao wahubiri wengi huupita mbio. Mungu hakuwaacha uchi ili wajifunze. Aliwafanyia mavazi ya ngozi akawavika. Haja ya kusitirika aliikubali. Majani yale ndiyo hayakufaa.

Kwa hiyo simwambii mtu kwamba kujihami ni dhambi. Wapo wanaomwambia mke anayepigwa awe mpole kama hua, wakasahau kwamba mstari huohuo wa Yesu unatanguliza busara ya nyoka. Nyoka wengi wakihisi mtikisiko wa hatua zako ardhini huwa wameondoka kabla hujawaona. Mkono ukiinuliwa nyumbani, ondoka. Nenda kwa jirani, kwa mzee wa kanisa unayemwamini, kwa dawati la jinsia kwenye kituo cha polisi. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Daudi alikuwa mtu wa imani, lakini mfalme Sauli alipomrushia mkuki aliukwepa, na usiku mkewe Mikali akamteremsha dirishani (1 Samweli 19).

Lakini rudi nyuma sura moja tu, 1 Samweli 18. Yonathani, mwana wa huyohuyo Sauli, anavua joho lake na kumpa Daudi, pamoja na mavazi yake, upanga, upinde na mshipi. Mwana wa mfalme amesimama bila silaha mbele ya kijana ambaye angeweza kumnyang'anya kiti, na zote zimo mikononi mwa kijana huyo. Baba yake alikuwa akiketi sebuleni na mkuki mkononi. Na Daudi aliwatofautisha. Kwa Sauli alikimbia, na kwa Yonathani, walipoagana, walilia pamoja hadi Daudi akazidi kulia. Angewachanganya wawili hao, angekufa kwa mkuki au angempoteza rafiki.

Sasa yule wa Umoja. Ukimkalisha chini bila haraka, utakuta hakuwa akiitetea jam. Mchana kazini walikuwa wameitwa wakaambiwa watu watapunguzwa mwisho wa mwezi, na njia nzima kwenye matatu alikuwa akihesabu kodi ya nyumba na karo. Chui alikuwa huko ofisini. Miiba alikuja nayo imesimama mpaka mlangoni, na wa kwanza kuikuta alikuwa aliyemwekea chakula.

Angeweza kusema, "Mama Brian, nimechelewa. Ngoja nivue viatu, kuna jambo nataka kukuambia." Mke angezima meko, akavuta stuli.