Fasia ya nyonga: mkaja wa ndani

Asubuhi sokoni Lamu, mtazame muuza nyama akigawa paja la mbuzi. Kati ya msuli na msuli mna utando mweupe, mwembamba, wenye kunata kidogo. Akishaupata mahali pake haongezi kisu; anaingiza vidole na nyama inaachana yenyewe. Utando ule ndio fasia. Sisi pia tunazo mwili mzima, ila za nyonga zina kazi nyingi, na zina majina ya kuchosha.

Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake ukanda au kitambaa cha kufungia. Mimi nikilisikia huukumbuka mkaja, ule anaofungwa mzazi tumboni siku za arubaini. Lakini mkaja wa nguo hubana tumbo kwa nje tu. Haufiki kule chini baina ya mfupa wa kinena na kitokono, ambako kibofu, kizazi na puru (kipande cha mwisho cha utumbo mpana) vimekaa kwa kubanana.

Huko tabaka la kwanza limelala ukutani: limefunika misuli ya pande za nyonga pamoja na levata ani, msuli mpana ulio kama sakafu. Tabaka la pili limevivika viungo vyenyewe, kila kimoja na vazi lake. Viungo vinapoitoboa sakafu kwenda nje, matabaka haya mawili hukutana na kushikana, na kila upande hujitokeza mstari mgumu mweupe unaotoka mfupa wa kinena mbele hadi kwenye mwiba wa mfupa wa kalio nyuma. Huitwa tao la kano. Uke umeshikizwa hapo.

Linalobaki katikati, chini ya peritoneo (utando unaofunika viungo vya tumbo), ndilo wanaloligombania wenye vitabu. Sehemu kubwa ni tishu legevu na mafuta, kwa sababu kibofu na puru hujaa na kupungua, navyo vinahitaji nafasi. Lakini mahali pengine tishu ile ile inakuwa nene, ikizunguka mishipa ya damu na ya fahamu, na hapo ndipo ilipopewa jina la ligamenti. Usidhani ni kamba zilizosokotwa kama ligamenti za goti. Ile inayoshika shingo ya kizazi kwa ubavuni imeibeba ateri ya kizazi, yaani mshipa unaokipelekea damu. Nyingine zinaivuta nyuma kuelekea kitokono. Chini ya ateri hiyo, kama sentimita 2 tu kutoka shingo ya kizazi, hupita mrija uletao mkojo kutoka figo. Wanafunzi wa udaktari hukaririshwa: maji chini ya daraja. Anayetoa kizazi akiusahau mrija huo, ameufunga au ameukata.

Kuna mfano wa madaktari wa wanawake ambao mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa mara mbili. Chombo kikifungwa gatini, maji ndiyo yanayokibeba. Kamba kazi yake ni kukizuia kisiende. Levata ani ndiyo maji, ligamenti ndizo kamba. Maji yakipwa na kamba ni fupi, chombo kinaning'inia, na kamba huanza kufumuka uzi mmoja mmoja. Mwanamke akizaa kwa shida msuli ukachanika, ndivyo inavyoweza kuwa, pengine miaka mingi baadaye: kizazi kinashuka. Mwaka 1992 John DeLancey wa Marekani aligawa tegemeo hili ngazi tatu: juu ligamenti zinaning'iniza, katikati uke umefungwa kwenye tao, chini umeungana na nyama za msamba. Daktari akijua ngazi iliyoachia, anajua pa kushona.

Wanaume hawana kizazi, lakini fasia wanazo. Baina ya puru na tezi dume mna utando aliouelezea Mfaransa Denonvilliers mwaka 1836. Puru nalo limefungwa pamoja na mafuta yake ndani ya bahasha ya fasia, na mwaka 1982 Bill Heald, mpasuaji wa Uingereza, alionyesha kwamba saratani ya puru ikitolewa na bahasha yake nzima, bila kuitoboa, hurudi mara chache zaidi. Anachofanya mpasuaji ni kile cha muuza nyama: kuutafuta utando na kuufuata. Akiukosa kwa ndani, anaacha saratani. Akiukosa kwa nje kwa milimita chache, anakata mishipa ya fahamu ya mkojo na ya unyumba.