Tailizi haizuii maji jamani: dhana potofu za bafu la chini

Sijui mara ya ngapi hii mwaka huu naambiwa "fundi, si nimeshaweka tailizi, sasa maji yanapita wapi?" Wa juzi alikuwa mama mmoja huku Bangwe, nyumba yake kama nyingi za Kigoma imekatwa kwenye mteremko, chumba na bafu la chini vimeingia mlimani, juu ndo sebule. Kabati la chumbani limeota ukungu, ukuta umetoa chumvi nyeupe. Nikagonga sakafu ya bafu kwa sarafu, kuna sehemu inalia kama debe tupu. Nikang'oa tailizi moja tu, chini yake mchanga umeloa chapachapa, ukiubana kwa vidole unachuruzika, na bafu lilikuwa halijaogewa tangu jana yake.

Tailizi yenyewe kweli haipitishi, ila kati ya tailizi na tailizi kuna grauti, na grauti ni simenti, inakunywa. Kila mkioga maji kidogo yanashuka, yanakaa kwenye ule mchanga wa kulalia, hayana pa kutokea, yanaufuata ukuta wa chumba cha pembeni yanaupanda. Kinachozuia ni dawa ya kuzuia maji inayopakwa KABLA ya tailizi, mkono wa kwanza ukauke ndo upake wa pili kwa kuukatiza ule wa kwanza, kwenye kona unalaza wavu, ukutani unapandisha walau sentimita 20 na pale pa kuogea hadi kichwani. Alafu usikimbilie tailizi! Ziba tundu la maji kwa tambara ndani ya mfuko, jaza maji, piga alama ya penseli ukutani, rudi baada ya saa 24. Mimi fundi niliyempa kazi akikataa hilo jaribio simlipi.

Mama akaniambia fundi wa kwanza alimwambia hiyo dawa ni hela ya bure. Sawa, sa hivi anabomoa sakafu nzima.

Na dhana nyingine ninazozisikia ni hizi. "Ongeza simenti, haitapitisha." Ikizidi inajikunja ikikauka, inapasuka, umejitengenezea njia ya maji kwa hela yako mwenyewe.

"Nailoni chini ya jamvi (lile zege la sakafu) ni mbwembwe." Zege linanyonya unyevu wa ardhini kama utambi. Weka ya geji 1000 (geji ndo unene wake), vipande vipandane sentimita 30, na wabeba zege wasiichane kwa makoleo. Mifuko ya simenti iliyounganishwa sio nailoni, msinichekeshe.

"Sakafu iwe flati ndo inapendeza." Mteremko sentimita 1 hadi 2 kila mita kuelekea tunduni, basi.

Na huu ukuta uliogusana na mlima, watu wanaupaka rangi ya mafuta kwa ndani kila mwaka na kila mwaka inatoka magamba, maana maji yanasukuma kutoka nyuma. Tiba yake iko nje, chimba mpaka usawa wa msingi, paka lami, laza bomba lenye matundu, funika kokoto, maji yatoke kuelekea bondeni. Na uchimbe kiangazi, ukingoja mvua za Novemba utakuwa unazoa tope.