Madini adimu na mfumo wa fahamu: maswali na majibu

Madini adimu ni yapi hasa?

Ni familia ya metali 17: lanthani na zile 14 zinazoifuata kwenye jedwali la elementi, pamoja na skandi na itri. Zimo kwenye sumaku za spika, taa za LED, injini za magari ya umeme na hata dawa za hospitali. Nyingine zimejaa ardhini. Seri, kwa mfano, inakaribiana na shaba kwa wingi.

Nashika simu kutwa nzima. Je, zinaniingia mwilini?

Hapana. Neodimi, mojawapo ya metali hizo, ya kwenye sumaku imeshikamana na chuma na boroni, wala haipenyi ngozi. Cha kuogopa ni sumaku yenyewe. Mtoto akimeza vipande viwili vidogo, huvutana vikiwa sehemu tofauti za utumbo, vikaubana hadi kuutoboa. Hapo usisubiri vitoke kwa njia ya haja, mkimbize hospitali.

Zinadhuru vipi mishipa ya fahamu?

Seli za neva hupelekeana habari kwa msaada wa kalsiamu. Ishara ya umeme ikifika mwisho wa neva, milango midogo hufunguka, kalsiamu huingia, na kemikali zinazobeba ujumbe humwagwa kuelekea seli ya jirani. Ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za lanthani na za gadolini, nayo mojawapo ya metali hizi 17, zinalingana kwa karibu sana na kalsiamu kwa ukubwa, ila zina chaji tatu badala ya mbili. Hivyo hunasa mlangoni kama ufunguo wa nyumba nyingine uliokwama kwenye kitasa, na kalsiamu ikakosa pa kupita. Watafiti huzitumia kwa makusudi maabara wanapotaka kuifunga milango hiyo.

Panya waliopewa chumvi ya lanthani wameonekana kuwa wazito wa kujifunza na kukumbuka. Lakini panya hao hupewa kiasi ambacho mtu wa kawaida hakutani nacho, kwa hiyo habari za namna hiyo zisomwe kwa utulivu.

Kama gadolini ina tabia hiyo, mbona hudungwa watu wanapopigwa picha ya MRI, ile ya kuona ndani ya mwili kwa sumaku?

Kwa sababu haidungwi ikiwa huru. Hufungiwa ndani ya molekuli kubwa inayoizuia kugusa seli, kisha figo huitoa kwa mkojo. Mwenye figo nzima hupunguza nusu yake kwa muda wa saa mbili hivi. Dawa hizi zimetumika tangu 1988, na zimewasaidia madaktari kuona uvimbe na majeraha ya ubongo ambayo yangefichika.

Tofauti iko kwenye kifungio. Kuna molekuli zenye umbo la mnyororo ulio wazi, na nyingine zinaizunguka gadolini kama pete. Za pete huishika kwa nguvu zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba wagonjwa waliodungwa mara nyingi walikuwa na alama angavu katika sehemu fulani za ndani ya ubongo, na baadaye ikathibitika kuwa ni mabaki ya gadolini, hasa kutoka kwenye dawa za mnyororo. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulisimamisha nyingi kati ya hizo. Kwa watu wenye figo nzima, mabaki hayo hayajathibitishwa kuleta ugonjwa wa ubongo. Ikidungwa kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo, hilo ni jambo jingine kabisa: inaweza kuleta degedege, kupoteza fahamu, hata kifo.

Nina ugonjwa wa figo. Nikatae kipimo?

Usikatae, sema mapema. Kuanzia 1997 madaktari waliona wagonjwa wa figo ambao ngozi ilikuwa ikikakamaa na viungo kushindwa kukunjika. Mwaka 2006 ndipo ugonjwa huo ulipohusishwa na gadolini. Tangu figo zianze kupimwa kwanza na dawa za pete kupewa nafasi, ugonjwa huo umekuwa nadra mno.

Baba anasafishwa damu na ameandikiwa vidonge vya lanthani. Si sumu hiyo?

Vidonge hivyo hukamata fosfeti ya chakula (chumvi ambayo figo mbovu hushindwa kuitoa) ndani ya utumbo na kutoka nayo kwa choo. Kinachoingia kwenye damu ni kidogo kupita kiasi. Avitafune vizuri, vikimezwa vizima vinaweza kuziba utumbo.

Je, kuna dawa ya kuziondoa mwilini?

Matangazo ni mengi, ushahidi ni haba. Baadhi ya dawa za kukamata metali hushusha kalsiamu ya damu ghafla, na zimewahi kuua.

Wanaofanya kazi migodini na viwandani je?

Hao ndio wa kuangaliwa zaidi, na kinachoumia kwanza ni mapafu. Vumbi la seri limewapa makovu ya mapafu wang'arisha vioo, na vilevile waendesha mashine za sinema za zamani zilizotumia taa za kaboni. Mawe ya monaziti, yanayochimbwa kupata madini adimu, yana pia thori, metali inayotoa mionzi. Kulowesha vumbi kwa maji, kutoa hewa chafu na kuvaa maski inayokaa sawasawa usoni ndiyo kinga. Mfanyakazi akianza kutetemeka mikono au kusahau ovyo, apimwe kwanza risasi, zebaki na manganisi, kwani hizo ndizo metali zinazojulikana zaidi kwa kuharibu neva kazini.